Barua zote zilitoka kwa Asubuhi

Ami yangu hapigi simu asubuhi. Asubuhi ni ya kazi. Simu za jamaa hungojea baada ya swala ya alasiri, akishaketi barazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Kwa hivyo simu ilipolia siku ile saa tatu kasorobo nikaona jina lake, nilianza kuvaa viatu kabla sijaipokea. Nilidhani ni msiba.

"Salamu alaikum, ami. Kwema huko?"

"Alaika salamu. Kwema. Hebu niambie, mwanangu. Huyu Asubuhi ni nani?"

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Barua zote za ofisini zatoka kwake tangu juzi. Ikifika adhuhuri aondoka, aja mwenziwe, aitwa Mchana."

Nikavua viatu, nikaketi chini. Nilikuwa nishaelewa.

## Neno la nne

Ofisi ya Ami hutoa mizigo bandarini. Iko ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka Kilindini, Mombasa, ina feni moja na makabati yaliyojaa mafaili mpaka milango haifungi. Kompyuta zao ni kongwe. Miaka kadhaa nyuma niliwawekea programu ya barua pepe ninayoiandika na wenzangu wachache: programu huria, ya terminali, yaani dirisha la maandishi matupu, haina picha wala vitufe, na hufunguka upesi hata kwenye mashine ambazo zingepaswa kuwa zimestaafu. Si programu maarufu. Watumiaji wetu wote ninaowajua hawajazi matatu mbili.

Ina amri ya kuorodhesha barua. Kila mstari una namba ya barua, alama ya kuonyesha kama imesomwa, wakati, anwani ya mtumaji, kisha kichwa cha habari. Barua ya leo ilionyesha saa, kama 08:15. Ya siku zilizopita ilionyesha tarehe, kama 14/03. Neno moja, herufi tano, basi.

Kumbe kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, ambaye siku hizi yuko Dubai, aliacha skripti, yaani programu fupi ya kujiendea yenyewe, ya mistari saba. Kila nusu saa skripti ile huita amri yetu, hutazama neno la nne katika mstari wa kila barua mpya, na likiwa ni anwani ya mmojawapo wa mawakala wa meli, huichapisha barua hiyo kwenye printa iliyo karibu na mlango. Notisi ya kufika kwa meli ikitoka printani, karani huichukua na mbio za makaratasi huanza.

Sikuwahi kuiona skripti hiyo. Sikujua kama ipo.

Nami nikatoa toleo jipya lenye saa za Kiswahili. 08:15 ikawa "2:15 asubuhi". Maneno mawili mahali palipokaa moja. Neno la nne halikuwa tena anwani ya mtumaji.

Skripti haikupiga kelele wala haikugoma. Ilitafuta mawakala wa meli, ikamkuta Asubuhi, ikaona hamjui, ikampita. Siku tatu printa ilinyamaza, na ofisini wakadhani bandari imepoa tu. Karani mpya, msichana mwenye jicho kali, ndiye aliyefungua daftari la skripti na kukuta kwamba ofisi nzima inaandikiwa na mtu mmoja. Wakati huo kontena moja lilikuwa limeketi bandarini mpaka siku za bure zikakatika na gharama ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa.

Ami alilipa. Hadi leo hajaniambia kiasi, na nimeuliza mara tatu.

## Ombi kutoka Lamu

Saa za Kiswahili hazikuwa wazo langu. Mwalimu mmoja wa Lamu anayewafundisha watoto kompyuta aliniandikia kwamba kioo cha kompyuta kikisema 08:15, wanafunzi wake wadogo husoma "saa nane na robo", kisha hushangaa mbona jua halijafika utosini. Akamalizia kwa swali: programu imeandikwa na watu wa pwani, mbona inasema saa za wageni?

Swali lile lilinichoma. Nikakesha nalo.

Hesabu yenyewe huonekana nyepesi. Toa sita, zungusha kwenye kumi na mbili. Nilipoijaribu, barua ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ikatoka 0:30. Kiswahili hakina saa sufuri, na sijui kwa nini ilibidi mashine inikumbushe jambo ninalolijua tangu utotoni.

Halafu yakaja majina ya nyakati, na hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili kwa furaha. Alfajiri yaisha lini? Mchana waanza saa sita kamili au jua likipinda? Nilimuuliza mamangu, akasema jioni huanza watoto wakiitwa waingie ndani. Jirani akasema jioni ni saa kumi na moja na atakayepinga aje. Kila nyumba ya Kibokoni ina jioni yake. Mwishowe nikaandika kwa mabavu ya mtu mwenye kibodi: alfajiri kuanzia saa kumi, asubuhi kuanzia saa kumi na mbili, mchana kuanzia saa sita, alasiri kuanzia saa tisa, jioni kuanzia saa kumi na mbili, usiku kuanzia saa moja.

Siku za juma niliziogopa. Barua iliyofika Alhamisi saa mbili usiku ni ya Alhamisi au ya Ijumaa? Mamangu hana shaka: huo ni usiku wa Ijumaa, siku ishaingia jua lilipotua. Kijana wa Tudor atakuelewa vingine kabisa, atakuja Ijumaa baada ya isha akute watu washatawanyika. Kwenye tangazo la harusi huandikwa "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili pasiwe na ugomvi, lakini maneno hayo manne hayaenei kwenye orodha ya barua. Nikaiacha tarehe kwa tarakimu, nikapita kando.

Na baada ya uangalifu wote huo, nikafanya jambo moja ambalo niliona ni la kiungwana. Nikasema: kwa nini mtu ahangaike kuwasha mpangilio? Kama mashine yake imewekwa kwa Kiswahili, yaani imeandikwa sw_KE au sw_TZ mahali pa lugha, basi saa za Kiswahili zije zenyewe.

Nani aliyeziweka mashine za Ami kwa sw_KE?

Mimi. Kwa mikono yangu miwili, miaka ile, nikijisifu.

## Sikuahidi kitu

Siku za kwanza nilijitetea sana kichwani. Hakuna mahali kwenye maelezo yetu palipoandikwa kwamba orodha ile isomwe na skripti. Ni ya macho. Mtu akiegemeza ngazi kwenye pazia, pazia likatoka, amlaumu nani?

Lakini nilikuwa nikikumbuka kisa cha Stuart Feldman. Mwaka 1976, akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliandika programu ya make, ambayo mpaka leo hujenga programu nyingine. Katika faili lake, mistari ya amri lazima ianze kwa kitufe cha Tab. Nafasi za kawaida hazikubaliki, ingawa kwa macho huwezi kutofautisha. Amesimulia mwenyewe kwamba aliona mapema kuwa ni uamuzi wa kujutia, lakini wakati huo alikuwa tayari na watumiaji kama dazeni hivi, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwaharibia. Dazeni moja! Kwa ajili ya watu wale, wanafunzi wa nusu karne wamejikwaa kwenye kitu kisichoonekana.

Kila nikikifikiria kisa hiki nashindwa kuamua kama alikosea.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, ameshika msimamo mkali kuliko huo, na amewahi kuwafokea wenzake kwa herufi kubwa kwa ajili yake: badiliko la kernel likivunja programu iliyokuwa ikifanya kazi, kosa ni la kernel, hata kama programu ile iliegemea mahali pasipostahili. Na kuna Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, ambaye jina lake limebandikwa kwenye kanuni isemayo kwamba watumiaji wakishakuwa wengi, kila tabia ya mfumo inayoonekana itategemewa na mtu, uwe uliiahidi au hukuiahidi. Wengi, anasema. Mimi sikuhitaji wengi. Ilitosha Ami mmoja na kijana aliyehamia Dubai.

Kilichonimaliza nguvu hasa hakikuwa maneno ya wahandisi. Nilikwenda kwa Ami jioni ile ile kumwomba radhi, na katika kueleza nikasema, "Ami, ndani hakuna kilichoharibika. Barua zote zipo, salama. Nilibadilisha sura tu."

Akanitazama kidogo.

"Mimi ndani mwake sijaingia, mwanangu. Nijuacho ni hiyo sura."

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

## Kaure

Toleo la kurekebisha nililitoa usiku huo: saa za Kiswahili zikazimwa kwa wote, ziwashwe na anayezitaka tu. Hilo lilichukua dakika kumi. Kilichochukua wiki ni swali la pili. Anayezitaka akiziwasha, na skripti yake ipo kwenye mashine ile ile, tutamlinda vipi?

Waundaji wa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, wamelipitia hili. Wao hugawa amri zao sehemu mbili: mabomba, yaani zile za chini zinazofanya kazi chafu, na kaure (porcelain), yaani zile za juu anazoshika mtu. Mfano wameutoa chooni: mabomba ukutani, sinki ya kaure mbele ya macho. Ukitaka hali ya kazi yako isomwe na skripti, unaandika git status --porcelain, na wanaahidi kwamba umbo la majibu hayo halitageuka kati ya matoleo wala halitafuata mipangilio ya mtumiaji. Huwa nacheka kidogo. Kaure ndiyo jina la kitu cha kutazamwa, na wao wamelitundika kwenye majibu yanayosomwa na mashine. Huku kwetu kaure iliwekwa kwenye vidaka ukutani, wageni waione na wasiiguse, na nyingine ikajengewa kwenye makaburi ya wakubwa. Labda wamepatia kuliko wanavyojua: iliyojengewa kaburini haihamishwi.

Nikapendekeza mambo mawili. La kwanza, amri yetu ipate chaguo jipya la --mashine: safu zitenganishwe kwa Tab (samahani, Feldman), wakati uandikwe mzima pamoja na mwaka na +03:00, yaani saa tatu mbele ya Greenwich, na umbo hilo tuliandikie ahadi. La pili, na hapa ndipo palipowaka moto: majibu yakitiririka kwenda kwa programu nyingine (kwenye bomba, tunavyosema) badala ya kwenda kiooni, yabaki katika umbo la zamani siku zote, mipangilio iseme nini.

Mwenzangu wa Arusha akapinga. Programu inayosema hivi mbele ya watu na vile kwenye bomba, akasema, inamtega mwandishi wa skripti. Ataona kitu kimoja kiooni, aandike kwa kukifuata, kisha apate kingine. Nikamjibu kwamba hata ls, amri ya kuorodhesha mafaili, hufanya hivyo: kiooni hupanga majina kwa safu, kwenye bomba huyatoa moja moja kila mstari. Akasema ls kukosea si hoja.

Tulibishana siku nane. Yeye alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na Ami.

Tukaenda na langu. Bado nadhani alikuwa na haki.

## Mashine ya pili

Jumamosi nikaenda ofisini mwenyewe kuweka toleo jipya. Karani akaniuliza kama zile saa za Kiswahili zimefutwa kabisa, maana yeye, kwa zile siku tatu, alizipenda. Nikafurahi kama mtoto. Nikafungua faili lake la mipangilio, nikaongeza mstari mmoja, saa = kiswahili, nikamwachia kiti.

Nyuma yetu mashine ya pili ikakataa kufunguka.

Mashine hiyo ni nzee kuliko mwenzake. Mfumo wake hauwezi kuchukua toleo jipya, kwa hiyo ina programu yetu ya miaka mitatu nyuma. Zote mbili husoma faili moja la mipangilio kupitia mtandao wa ofisi. Programu ya zamani ilipokuta neno "saa" kwenye faili, neno ambalo halikuwepo ilipozaliwa, ikaandika "mpangilio usiojulikana" na kufa papo hapo. Ukali huo niliuandika mimi. Nilikuwa nikijivunia: mtu akikosea herufi, ajue mara moja.

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi katika kadhia hii nzima. Programu nyingi nzuri zimejua kutunza majina ya kale. Mutt, programu nyingine ya barua pepe ya terminali aliyoianza Michael Elkins mwaka 1995, ina mpangilio wa umbo la orodha uitwao index_format, na jina lake la zamani, hdr_format, bado hukubaliwa kama lakabu. Emacs, programu ya kuandikia maandishi, ina njia rasmi ya kulitangaza jina limechakaa huku likiendelea kufanya kazi na kutoa onyo. Yote hayo humlinda mwenye faili la jana na programu ya leo. Mimi nilikuwa na kinyume chake, faili la leo mbele ya programu ya jana, na ya jana hairekebishiki. Imeshatoka. Imo kwenye mashine za watu, na mnong'ono wangu hauifikii.

Ningalikuwa na busara miaka mitatu nyuma, ningaliandika kwamba mpangilio usiojulikana uonywe na kurukwa. Sasa nimeandika. Utamfaa mtu mwaka fulani mbele. Kwa leo ilibidi hila: mipangilio yote mipya ya maonyesho ikae kwenye faili lake peke yake, lenye jina ambalo matoleo ya zamani hayajui kulitafuta. Si jambo la kupendeza. Mtumiaji mpya atauliza mbona kuna mafaili mawili, na jibu la kweli ni kwamba kuna mashine moja nzee karibu na Kilindini.

(Nikimweleza Ami habari za kodi ya programu, yaani msimbo, yeye husikia ushuru. Siku ile alidhani nimeshindwa kulipa.)

## Ilivyovuja

Kulikuwa na jambo jingine lililonitisha kuliko printa kunyamaza, kwa sababu lingalitokea nje ya nyumba yetu.

Karani alikuwa akimjibu wakala wa meli wa nchi za mbali kuhusu notisi iliyochelewa. Programu, kama ilivyo ada, ikaweka juu ya maneno yaliyonukuliwa mstari wa kusema fulani aliandika siku fulani saa fulani. Kabla ya kutuma akaniita.

"Kaka, mbona hapa naonekana kusema walituletea saa nane za usiku?"

Mstari ulisema 2:15. Neno "asubuhi" lilikuwapo, lakini nani huko angelisoma? Kwa wakala yule 2:15 ni usiku wa manane, na mjadala wenyewe ulikuwa ni nani alichelewa na kwa saa ngapi. Nilikuwa nimetumia kipande kile kile cha msimbo, kile cha kuonyesha saa kiooni, katika kutengeneza mstari wa kunukuu. Mpangilio wa macho ya karani ulikuwa unatoka nje na kuwa ushahidi.

Kichwa cha barua chenyewe hakikuwa na hatari. Tarehe iliyomo ndani ya barua pepe ina umbo lake, lililowekwa tangu RFC 822, hati ya kanuni za mtandao, ya mwaka 1982 na kurekebishwa mpaka RFC 5322 ya 2008: majina ya siku na miezi ni vifupisho vya Kiingereza daima, na mwisho tofauti ya saa kwa tarakimu, kwetu +0300. Hakuna lugha ya mtumiaji inayogusa pale, na ndiyo maana barua ya Mombasa hupangika sawasawa Osaka. Lakini mstari wa kunukuu ni maneno ya kawaida, hauna mlinzi.

Nikaenda kutazama Mutt wamefanyaje, na nikaona aibu: wamefika zamani. Kuna mpangilio wa lugha ya mstari wa kunukuu peke yake, attribution_locale, mbali na lugha ya kioo chako. Na katika umbo la tarehe, alama ya mshangao mwanzoni husema: hapa usifuate lugha ya mashine. Alama moja ndogo. Mtu fulani, siku fulani, aliumia ndipo akaiweka.

Kwetu mstari wa kunukuu sasa husema 08:15 +0300, hata uwe umewasha nini.

## Macho yasoma nane

Wiki zikapita na jambo bado linanikereketa, ndiyo maana naandika. Ami alinitupia swali barazani ambalo sijalijibu.

"Wajua, hapa hakuna aliyekuomba. Macho yasoma nane, ulimi wasema mbili. Ndivyo tangu mimi mtoto. Saa ya ukutani ya babu yako akrabu zilisimama kwenye nane, na yeye akituambia saa mbili imefika, nendeni chuoni. Nani alikosea?"

Hakuna aliyekosea. Hiyo ndiyo shida.

Watoto wa yule mwalimu hujikwaa. Ami hajikwai. Sijui kama jibu ni kuigeuza programu au kuwangoja watoto wawe kama Ami, wenye saa mbili kichwani zisizogongana. Mwalimu aliniandikia tena kwamba darasa sasa linafurahi. Halafu najiuliza watafanya nini siku watakapokaa mbele ya kioo ambacho hakijawashwa.

Kuna wakati nimeshuku kwamba mpangilio ni uoga wa mwandishi. Ameshindwa kuamua, akampa mtumiaji aamue, akauita uhuru. Na gharama yake haionekani kwenye kioo. Mipangilio minne ya kuwasha na kuzima ni hali 16 za kujaribu. Ongeza wa tano ziwe 32. Mimi hujaribu mbili: yangu, na ile ya kiwandani. Nyingine zote hujaribiwa na watu kama karani wa Ami, bila malipo, wakati meli inaingia.

Lakini nikimkumbuka alivyouliza kama zimefutwa, uso wake ulivyokuwa, sioni kama ningethubutu kuziondoa.

## Jumatano

Jumatano iliyopita nilipita ofisini kuchukua hati ya mtu. Printa ilikuwa ikitema karatasi karibu na mlango. Skripti ya mistari saba bado yafanya kazi. Nilimwambia Ami naweza kuiandika upya itumie --mashine, akasema iache, kwani ina kosa gani?

Karani alikaa kwenye mashine mpya, mwenzake kwenye ile nzee, vioo vimekaribiana. Barua moja kwenye orodha zote mbili, imeingia muda huo huo. Ami akatoa kichwa chumbani mwake.

"Hiyo notisi imeingia saa ngapi?"

Mmoja alikuwa akitazama 16:45, mwingine 10:45. Wakajibu kwa sauti moja bila kutazamana: "Kumi na moja kasorobo."

Ami akarudi ndani. Mimi nikainama juu ya bega la karani kuona vizuri. Kioo chake kilisema "10:45 alasir".

"Hiyo i ya mwisho iko wapi?" nikamuuliza.

"Hukatika kila siku ikifika saa kumi," akasema. "Nilidhani ndivyo mlivyotaka."

Safu ile niliipa upana wa herufi kumi na mbili, kwa sababu niliipima kwa "2:15 asubuhi", na mimi kazi ya programu huifanya asubuhi. Ilihitaji kumi na tatu. Kwa alfajiri ya saa kumi na moja ilihitaji kumi na nne. Kuipanua ni kubadilisha tarakimu moja kwenye mstari mmoja wa msimbo, na toleo lenye upana wa kumi na mbili liko mikononi mwa watu tangu mwezi uliopita.

Nimeifungua faili hiyo tangu Jumatano. Bado sijagusa kitu.